Kitufe cha Kijani

Jumanne ile, saa tisa alasiri, simu ilimwambia Boke kwamba amemaliza. Hakuna kadi ya leo. Hongera. Na kale kanyota ka njano kakarukaruka kwenye kioo kama kawaida yake, eti kanamshangilia.

Boke alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka shambani, alikopalilia ulezi tangu asubuhi. Mgongo ulikuwa unamuuma, kucha zimejaa udongo, na mtu mwingine yeyote angeshukuru Mungu kwa kupewa nafasi ya kupumzika. Yeye alibaki ameikodolea simu macho. Wiki mbili sasa kadi zilikuwa zinapungua. Mwanzo zilikuja sitini kwa siku, mpaka kichwa kinawaka moto. Zikawa arobaini. Zikawa kumi. Leo hata moja. Alikwisha kujisifu kwa mumewe, Matiko, aliyekuwa machimboni huko Nyamongo. Alimpigia akamwambia, "Baba Susana, mkeo ana kichwa! Kiitaliano chenyewe kinakwisha." Matiko akacheka mpaka akakohoa.

Kiitaliano, ndiyo. Usishangae mwanamke wa Nyansurura kukesha na Kiitaliano. Mtoto wake Susana, wa miaka saba, alizaliwa na tundu kwenye moyo, na shirika moja la huko Italia lilikubali kumpasua bure, yeye na watoto wengine watano wa mkoani Mara. Ndege ilikuwa inaondoka baada ya siku kumi na moja. Lakini Sista Adhiambo wa hospitali ya misheni, Mjaluo wa upande wa Shirati aliyesomea uuguzi Italia miaka tisa, aliwaambia wazazi wote bila kuzunguka mbuyu.

"Wodini kule hakuna mkalimani wa kulala na ninyi. Mtoto akisema kifua kinanibana, nani atamwambia daktari? Msindikizaji wake. Asiyeweza kusema atabaki nyumbani, na mtoto ataenda na muuguzi wetu mmoja, mwenye watoto sita mikononi."

Kila familia iliandikisha majina mawili, la msindikizaji na la akiba, na pasipoti mbili zikatoka. Kwa Susana, msindikizaji alikuwa mama yake. Wa akiba aliandikwa bibi yake, Mogesi, mama mzazi wa Matiko, kwa sababu tu hapakuwa na mwingine. Mtihani ulikuwa Alhamisi: kadi thelathini, na lazima upate ishirini na tano.

Kadi zenyewe Sista aliziweka kwenye simu ya kila mzazi. Unafungua programu, inakuja picha. Unasema neno lake. Ukigusa kioo, sauti ya mwanamke inalitamka, halafu chini vinatokea vitufe viwili na swali: Unajua? Ukibonyeza chekundu, sijui, kadi inakurudia hapo hapo. Ukibonyeza cha kijani, najua, inakwenda zake. Inarudi kesho, halafu wiki ijayo, halafu baada ya miezi. Kadiri unavyosema unajua, ndivyo inavyokuacha. Sista alirudia neno moja mara tatu: usijidanganye.

Basi Boke alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, na simu mkononi, akijiuliza kwa nini furaha haiji. Susana akatokea nyumba ya bibi yake, ng'ambo ya uwanja, amemshikia mama kikombe cha uji. Hatua thelathini tu, hazizidi. Alipofika katikati akachutama. Kikombe akakiweka chini taratibu kama mtoto aliyefundwa, kisha akajikunja, magoti kifuani, midomo imeanza kuwa ya bluu.

Boke aliruka. Alimpakata akamkunja magoti vizuri kama alivyoelekezwa, akamwambia, "Pole pole, mama, vuta, toa, vuta." Na akiwa katika kumhesabia pumzi, akasema moyoni: hebu, ingekuwa daktari yuko hapa. Ningemwambiaje? Hawezi kupumua. Ningesema nini?

Hakuna kitu. Akatafuta kifua, hakuna. Akatafuta midomo, akatafuta haraka, akatafuta nisaidie. Kichwani kulikuwa kweupe kabisa.

Mtoto alipotulia na rangi kumrudia, Boke alifungua ile orodha ya kadi zote, mahali ambapo hakuwahi kupagusa. Kupumua: itarudi baada ya miezi minne. Kifua: miezi mitatu. Maumivu: miezi minne. Kila neno alilokuwa hajui lilikuwa na doa la kijani, na pembeni imeandikwa limejibiwa mara nane, mara tisa, mara kumi. Yeye alikumbuka kuliona lile la kupumua mara mbili tu, na mara zote alibonyeza chekundu. Akazihesabu kadi za namna hiyo. Tisini na mbili.

"Susana," aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Nani anachezea simu yangu?"

Mtoto aliangalia mlango wa bibi yake.

Simu hiyo betri yake ilikwisha kuzeeka, na sola ya boma zima ilikuwa juu ya bati la Mogesi. Kwa hiyo kila asubuhi Boke akienda shambani aliiacha kwa mkwewe ipate chaji, na alisema wazi, siku ya kwanza kabisa, kwamba simu hii isiguswe na mtu, hii ndiyo moyo wa Susana. Alisema kwa heshima lakini alisema.

Mogesi akatoka, kanga kiunoni, waya wa chaja bado uko mkononi.

"Usimgombeze mtoto," akasema. "Ni mimi."

"Mama, ulibonyeza nini?"

"Cha kijani."

"Kwa nini cha kijani?"

"Iliniuliza kama najua," Mogesi akajibu. "Nikajibu."

Jamani! Boke alimtazama yule mzee asiyejua kuandika hata jina lake, anayeweka dole gumba kwenye kila karatasi, na hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba. Iliniuliza, nikajibu! Kumbe siku zote hizi mzee alikuwa anafuata kale kanyota. Ukibonyeza kijani kanaruka, mtoto anacheka, bibi anacheka, na maneno ya kumwokoa mtoto yanakwenda zao moja moja mpaka miezi minne. Angekuwa dada yake angempiga kofi. Lakini mke wa Mkurya hamfokei mama mkwe wake uwanjani, watu wakasikia. Akayameza maneno yake.

"Basi, Mama," akasema. "Nimeelewa."

"Boke, nilitaka nikwambie..."

"Nimesema nimeelewa."

Jumatano hakwenda shambani. Alizirudisha kadi zote tisini na mbili, na zikamwagika. Alisoma kuanzia alfajiri, akaandika kwenye daftari la zamani la Susana, akajipiga mapaja, akazunguka zizi akitamka. Saa nne chaji ikaisha, ikabidi apige magoti karibu na ukuta wa Mogesi, waya mfupi, shingo imepinda, anasoma hivyo hivyo. Kila neno jipya lililoingia lilisukuma la zamani nje. Kufikia saa kumi alikuwa anachanganya damu na kiu, na alipofika kwenye kadi ya kulia akaanza kulia kweli.

Mogesi alikuja na sahani ya ugali na mlenda, akasimama.

"Nikusaidie?"

"Umeshanisaidia vya kutosha, Mama."

Mzee aliiweka ile sahani chini, akaigeuza mara mbili bila sababu, akaenda. Boke aliona aibu, na aibu ile haikupunguza hasira hata chembe. Vyote viwili vilikaa pamoja, na ugali ukapoa.

Alhamisi walipanda bodaboda mbili mpaka Mugumu, Boke na mtoto mbele, Mogesi nyuma amevaa koti la kanisani. Sista Adhiambo alikuwa na ofisi ndogo yenye benchi moja, meza moja na kalenda ya mwaka juzi. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya majina, na ilipaswa kwenda Musoma jioni ile ile kwa ajili ya tiketi. Familia tano zilishapita. Kulikuwa na majina matano ya wasindikizaji, na mbele ya jina la Susana palikuwa patupu.

"Shikamoo, Mama," Sista alimwamkia Mogesi, akamsogezea benchi. Kisha akamgeukia Boke. "Uko tayari?"

"Niko tayari," Boke akasema, roho iko mkononi.

Sista alikuwa na kadi za karatasi, picha zile zile za kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa maji. Boke akajibu. Ya pili mama. Akajibu. Mkono, akajibu, na akaanza kudhani kwamba Mungu yupo upande wake. Ya nne ilikuwa mtoto ameshika kifua, amefungua mdomo.

Ile ile, ya kupumua.

Alijua ni ile ile. Aliliona lile neno lilivyokaa kwenye daftari, mstari wa tatu, chini ya doa la chai. Aliiona chai, hakuliona neno. Sista alingoja. Nje mtu alikuwa anamwaga maji kwenye ndoo, na ndoo ile ilikuwa haijai.

"Twende mbele," Sista akasema taratibu.

Baada ya hapo ilikuwa kuteleza tu. Moja anapata, tatu anakosa. Homa alipata. Damu alisema kiu. Blanketi alifungua mdomo ukabaki wazi. Alipofika ya ishirini alikwisha kujua, maana alikuwa anahesabu, na mtu anayehesabu anajua. Bado aliendelea mpaka ya thelathini, kwa sababu Susana alikuwa anamtazama.

"Kumi na moja," Sista akasema. Hakuandika. Alishika kalamu na kuizungusha. "Mama Susana, pole. Ulikuwa unajua zaidi ya hapa mwezi uliopita."

Boke alishindwa kumwambia kwa nini. Angemwambiaje, na mwenyewe amekaa pale na koti lake la kanisani?

"Wa akiba," Sista akasema. "Mama Mogesi."

"Sista," Boke akadakia, "huyu Mama hajui kusoma."

"Sijamwambia asome."

Mogesi alisogea kwenye benchi. Alikaa mikono juu ya magoti, kama watu wanaongoja kupigwa picha ya kitambulisho. Sista alizichanganya kadi, akainua ya juu. Ilikuwa yule mtoto aliyeshika kifua.

"Respirare," Mogesi akasema.

Alilitamka safi, na ile r ikizunguka kama ya yule mwanamke wa kwenye simu. Sista aliacha kuzungusha kalamu. Akainua ya pili, damu.

"Sangue."

Ya tatu, blanketi. "Coperta." Ya nne, ya tano, ya sita. Mzee alikuwa anayatoa tu, bila haraka, kama anayetoa mahindi kwenye gunia. Na Boke akiwa amesimama ukutani ndipo yale maneno ya juzi yalipomrudia. Iliniuliza kama najua. Nikajibu.

Loo! Alikuwa anajua kweli.

Kwa nini asijue? Huyu ndiye Mogesi aliyeuza tumbaku na samaki wakavu Sirari miaka ishirini, akarudi nyumbani na Kijaluo, Kisukuma na Kiswahili cha Wakenya, vyote vimeingia kwa sikio, hakuna hata kimoja kilichopitia darasani. Huyu ndiye aliyekuwa anashinda na Susana kutwa nzima, mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake, wawili hao chini ya ukuta wenye kivuli, mtoto mwalimu wa kumsomea kioo, bibi mwanafunzi. Simu ikiuliza, akiwa hajui anabonyeza chekundu mpaka ajue, akijua anabonyeza kijani, kwa sababu kwake swali hujibiwa kwa ukweli. Hakujua tu kwamba simu haijui nani anayejibu. Alikuwa amemsomea mkwe wake Kiitaliano chote, na kukimaliza.

Boke alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Mimi sitamsingizia wema ambao hakuwa nao dakika ile. Aliona wivu, wivu mkali, na kila kadi iliyojibiwa ilikuwa inamwondolea mtoto mkononi kidole kimoja kimoja. Huyu ndiye atakayelala kitanda cha pembeni. Huyu ndiye Susana atakayemwona akizinduka.

"Ishirini na nne," Sista akasema, sauti imepanda kidogo. Hakukuwa na hata moja iliyokosewa. "Bado moja tu, Mama."

Akainua ya ishirini na tano. Mogesi alimwangalia Boke, kisha akaangalia sakafu.

"Sijui."

Ya ishirini na sita. "Sijui."

Ya ishirini na saba ilikuwa kijiko. Kijiko! Susana alikuwa analiimba neno hilo kila akinywa uji. "Sijui," Mogesi akasema kabla kadi haijamaliza kugeuka.

"Bibi!" Susana akasema. "Hilo unalijua!"

"Nyamaza, mama."

Ishirini na nane, sijui. Ishirini na tisa, sijui. Sista akaiweka ile ya thelathini mezani, imefunikwa, akakunja mikono.

"Mama Mogesi, unafanya nini?"

"Sista, mwandike mama yake," Mogesi akasema. "Mtoto ana mama. Mimi nilitaka tu niwe namwelewa akizungumza na ile simu. Sikuja hapa kumnyang'anya mtu mtoto."

"Ningependa. Lakini sheria ni ile niliyowaambia. Mkishindwa wote wawili naandika muuguzi, na Susana analala peke yake. Karatasi inaondoka saa kumi."

Saa ya ukutani ilikuwa imevuka saa tisa na nusu. Mogesi hakuinua kichwa.

"Basi aniambie yeye," akasema. "Bila yeye kuniambia, siwezi kumchukua mtoto mbele ya mama yake. Hata mnipige."

Wote watatu wakamgeukia Boke. Kwa muda, sijui sekunde ngapi, alitaka mzee anyamaze hivyo hivyo. Haki ya Mungu, alitaka. Alijiambia muuguzi naye ni mtu, muuguzi amesoma, watoto sita si wengi. Alijiambia mengi. Halafu akamwona Susana amechutama pale uwanjani na kikombe cha uji pembeni, na safari hii uwanja ulikuwa wa watu weupe wasiojua kwa nini mtoto anakunja magoti.

Alitoka ukutani akaja kupiga magoti mbele ya mkwe wake, akashika ile mikono iliyokuwa juu ya magoti.

"Mama, mimi nimepata kumi na moja," akasema. "Usiku akikwambia kifua kinabana, wewe utasema. Mimi nitalia tu. Niliyokwambia jana nimekosa, nisamehe. Sema, Mama. Nenda naye."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki na ng'ombe."

Macho ya Mogesi yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika, wale wazee hawamwagi ovyo. Kisha akamtikisia Sista kichwa, na Sista akaigeuza kadi ya mwisho. Ilikuwa picha ya mtoto amejifunika shuka mpaka puani, macho yamemtoka.

"Ho paura," Mogesi akasema.

"Maana yake?"

Hakumjibu Sista. Alimjibu Boke, na mikono yao bado imeshikana.

"Naogopa."

"Na mimi," Boke akasema.

Sista aliinamia karatasi, na kalamu ikasikika. Susana aliteremka kwenye benchi akaja kujipenyeza katikati yao, akauliza kama sasa wanaweza kwenda kunywa soda. Boke alifungua mkoba wake. Akatoa ile simu, akatoa na chaja na waya wake mfupi, akauzungushia vizuri, na vyote akaviweka kwenye mfuko wa lile koti la kanisani.

"Siku bado tisa," akasema. "Ikikuuliza, Mama, jibu kama ulivyozoea."